Keki ya Karoti ya Bwana Gisler

Mimi nina hasira za karibu. Sijivunii, nasema tu mapema usije ukashangaa huko mbele. Mama yangu, kwetu milimani Graubünden, Uswisi, huwaambia wageni kwamba Ursina alizaliwa kanuna, na baba hucheka mpaka anakohoa. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba kuna mtu mmoja ninayemshukuru kuliko wote walionifundisha kazi, na kwamba siku aliyonitendea wema huo nilimtolea maneno ambayo nisingemtolea mbwa, naomba uniamini.

Kazi yetu ilikuwa kuangalia molekuli zikijipanga zenyewe. Nilikuwa nazo za aina mbili, zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa moja ni ya kushoto na nyingine ni ya kulia, kama viatu vya jozi moja. Uigeuze na uizungushe utakavyo, ya kushoto haiwi ya kulia. Sasa chukua kipande cha shaba kilichosafishwa kikasafika, kitie ndani ya chungu cha chuma kilichonyonywa hewa yote, kisha mwagia juu yake molekuli za kushoto peke yake. Hakuna anayezielekeza. Zenyewe zinatafutana, sita zinashikana, zinafanya kitu kama pangaboi dogo ambalo mapanga yake yote yamepinda upande mmoja. Pangaboi linakaa karibu na pangaboi jingine, hivyo hivyo, mpaka shaba inajaa. Molekuli za kulia nazo zinafanya vile vile, ila mapanga yanapinda upande wa pili. Siku ya kwanza kuyaona kwenye skrini nililia, na Jost, mwenzangu wa meza ya pili, akaniletea bunda zima la karatasi za chooni.

Tulikuwa tunayaona kwa sindano. Ncha ya sindano hiyo ni nyembamba kiasi kwamba mwisho wake ni atomi moja tu. Inapita juu ya shaba mstari kwa mstari bila kuigusa, na kompyuta inachora ilichopitia. Kinachoisogeza ni nyaya nne nyembamba kama unywele, mbili za kuipeleka kulia na kushoto, mbili za kuipeleka mbele na nyuma.

Nyaya hizo zilikuwa mikononi mwa Bwana Gisler, fundi wetu, mtu mrefu wa kutoka jimbo la Uri, mwenye koti la bluu la kazi na kalamu tatu mfukoni. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja kwenye maabara ile nje kidogo ya Zürich. Sisi wengine tuliitana majina ya kwanza, hata profesa tulimwita Marianne tu, lakini Bwana Gisler alikuwa Bwana Gisler, na mimi kwake nilikuwa Bi Camenisch. Hakupenda mazoea. Alipenda vitu vilivyokazwa vizuri.

Maabara yetu ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna chuo kilichoiandika. Ukikosea, unaleta keki. Ukiruhusu hewa iingie kwenye mtambo, keki. Ukiigonga sindano kwenye shaba, keki. Ukisahau kufungulia maji ya kupooza pampu, keki mbili, na moja iwe ya chokoleti. Keki inaliwa Ijumaa saa tatu asubuhi, wakati wa chai, na aliyekosea anasimama na kutaja kosa lake. Watu wanapiga makofi, wanakula, yamekwisha. Hakuna anayeruhusiwa kulirudia tena. Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa friji. Jost alikuwa ameshaandikwa mara kumi na moja, mimi mara sita, profesa mara mbili. Bwana Gisler hakuwamo. Ukimuuliza alikuwa anajibu, "Mimi nakosea nyumbani," halafu anaondoka na bisibisi yake.

Mwaka ule wa mwisho wa masomo yangu ya uzamivu, Januari, nilipiga picha za molekuli zikiwa chache juu ya shaba. Za kushoto zilifanya mapangaboi yaliyopinda kushoto, kama ilivyotarajiwa. Mwezi wa tatu waya mmoja wa sindano ukakatika. Bwana Gisler akaufungua mtambo, akabadilisha nyaya zote nne, akakaa na lenzi na risasi ya kulehemia siku mbili nzima, na alipomaliza mtambo ulifanya kazi vizuri kuliko zamani. Nikaendelea na sehemu ya pili, molekuli zikiwa nyingi na zimebanana.

Hapo ndipo nilipoona ajabu. Zile zile za kushoto, sasa zikiwa nyingi, mapangaboi yao yalipinda kulia. Yote, shaba nzima, hakuna hata moja lililobaki nyuma.

"Kama wanasiasa," Jost akasema, ameinama kwenye skrini yangu na mkate mdomoni. "Wakiwa wachache wana msimamo huu, wakipata viti vingi wana msimamo ule."

Nikajaribu molekuli za kulia, nazo zikageuka vile vile, zikapinda kushoto. Kila kitu kikaungana. Marianne Thommen, profesa wetu, ambaye sifa anazowapa watu unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, alizitazama picha kwa robo saa akasema, "Si mbaya." Kwetu neno hilo ni vigelegele. Mwezi wa nane jarida kubwa likaikubali makala yetu. Profesa Gunvor Hedlund wa Lund, Sweden, akaniandikia kwamba ana nafasi ya kazi kwa ajili yangu kuanzia Januari, na kwamba yeye ndiye atakayekuwa mtahini wangu wa nje Novemba. Mkataba wangu wa Zürich ulikuwa unaisha na mwaka, wala haukuwa wa kuongezwa. Shahada yangu, kazi yangu, na jina langu kwenye ulimwengu ule mdogo, vyote vilikaa juu ya mapangaboi yaliyogeuka.

Ijumaa moja ya Septemba, wiki mbili kabla ya kustaafu kwake, Bwana Gisler aliingia chumba cha chai na keki. Ilikuwa keki ya karoti, ile yenye vikaroti vya sukari juu, na ilikuwa imeinamia upande mmoja huku ukingo wake mwingine umeungua.

"Hee!" Jost akaruka. "Bwana Gisler, umeoka mwenyewe?"

"Nani aniokee?"

"Naona imechoka kuliko wewe. Ikae chini kwanza."

Tukacheka. Wote tulidhani ni keki ya kutuaga. Mimi nilishakwenda kuchukua visahani. Lakini Bwana Gisler hakukaa. Alisimama, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Hii si ya kuaga," akasema. "Ya kuaga nitaileta siku ya kuaga. Hii ni ya kosa."

Jost akaanza kupiga makofi peke yake. Marianne akaweka kikombe chini.

"Mwezi wa tatu, nilipoweka nyaya mpya za sindano, niliuweka waya wa kulia mahali pa waya wa kushoto, na wa kushoto mahali pa wa kulia. Tangu siku hiyo, kila picha iliyotoka kwenye mtambo ule ni picha ya kwenye kioo."

Makofi yakaisha. Nakumbuka kwamba nilikuwa bado nimeshika visahani vinane.

"Haiwezekani," nikasema. "Tungeona."

"Msingeona, Bi Camenisch. Shaba tupu ukiitazama kwenye kioo ni shaba ile ile. Molekuli zako moja moja zinaonekana kama matone, hazina kulia wala kushoto. Kitu pekee kinachoweza kuonyesha kosa ni kupinda kwa mapanga."

Akaeleza. Alikuwa anamchorea fundi atakayempokea ramani ya nyaya, moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye zile za sindano akaona kitu hakikai sawa. Bunda jipya la nyaya lilikuwa limetengenezwa na rangi zimebadilishana mahali, njano palipokuwa na kijani. Yeye alifuata rangi, kama alivyofuata miaka yote. Basi Alhamisi kutwa alipima. Aliisogeza sindano nzima kuelekea kulia, akiiangalia kwa darubini kupitia dirisha la mtambo, kisha akatazama picha. Sindano ikienda kulia, kilichoko chini yake lazima kionekane kimehamia kushoto. Kilihamia kulia. Akarudia mara tisa.

Marianne aliuliza polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Kwa hiyo picha za Januari ziko sawa. Na za tangu mwezi wa tatu zimegeuka."

"Ndiyo, Profesa."

"Basi hakuna molekuli iliyogeuka."

"Hakuna. Zilikuwa za kushoto na zimepinda kushoto siku zote."

Niliviweka visahani. Nilisikia joto likipanda kutoka shingoni, na ninalijua joto hilo, na ninajua kwamba nikilisikia ninatakiwa kutoka nje. Sikutoka.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu jana saa nane mchana."

"Saa nane! Na badala ya kunipigia simu ukaenda kukwangua karoti!"

"Nilitaka kuwa na hakika. Halafu nikaenda kuoka, ndiyo."

"Wiki mbili zijazo wewe unakwenda kukaa na mbuzi wako huko Uri. Mimi nabaki na nini? Miaka minne, Bwana Gisler! Makala inachapwa siku kumi zijazo!" Sauti yangu ilikuwa imefika korido ya pili. Na hapo ndipo nilipolisema lile ambalo mpaka leo linanichoma. "Ungenyamaza tu, mzee. Ungezirudisha nyaya zako kimyakimya uende zako. Nani angejua?"

Bwana Gisler alinitazama, si kwa hasira.

"Mimi ninajua, Bi Camenisch."

"Basi kaa na kujua kwako," nikasema, nikabeba mkoba, nikaondoka. Keki hakuikata mtu.

Nilipanda treni mpaka nyumbani kwa wazazi wangu. Mama alikuwa anamenya matufaha ya kukausha, akanipa kisu bila kuuliza kitu, nikamenya na kulalamika nusu saa nzima.

"Ngoja," akasema mwishowe. "Huyu mzee amekuibia?"

"Hapana."

"Amekudanganya?"

"Hapana, mama. Amesema ukweli."

"Basi nimepotea njia mahali. Anza tena."

Sikuanza tena. Siku iliyofuata, Jumamosi, nilichukua daftari langu la maabara, nia yangu ikiwa kuhesabu hasara, na nikafungua mwezi wa tatu. Tarehe kumi na tisa, wiki moja baada ya matengenezo, palikuwa na mstari wa mwandiko wangu mwenyewe: "Nirudie picha za molekuli chache, nione kama mtambo uko vile vile?" Chini yake nilikuwa nimeukata huo mstari kwa wino na kuandika: "Hakuna haja, unga wa molekuli uliobaki ni kidogo."

Nilikaa kitandani na daftari mapajani. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kama ningerudia, ningeona molekuli chache nazo zimepinda kulia, ningejua papo hapo kwamba kilichogeuka ni mtambo. Sikurudia. Unga ulikuwa kidogo, kweli, lakini sababu haikuwa hiyo. Wakati ule nilikuwa nimeshaona mapangaboi ya kwanza yaliyogeuka, na nilikuwa nimeshayapenda. Na Bwana Gisler, mtu anayezijua kazi zetu kuliko tunavyozijua wenyewe, lazima aliliona hilo Alhamisi ile. Alisimama mbele ya watu wote, akatukanwa na mtoto wa umri wa kumzaa, wala hakusema, "Na wewe Bi Camenisch, mbona hukurudia?" Alibeba kosa zima peke yake. Niliona aibu mpaka nikajifunika shuka mchana kweupe.

Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa maabara. Yeye alikuwa ameshafika. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kwenye treni, maneno mazuri ya kuomba radhi.

"Bwana Gisler, Ijumaa mimi—"

"Shika taa," akasema.

Nikashika taa. Tukaufungua mtambo. Alifanya kazi kwa lenzi jichoni, mikono yake mikubwa haitetemeki hata kidogo, na mimi nikimulika.

"Waya wa njano umekwenda upande gani?"

"Kulia."

"Una hakika?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Vizuri sana. Tupime."

Tukapima. Kisha tukafunga, tukauzungushia mtambo wote foili ya jikoni, tukauoka kwa joto siku tatu ili unyevu wote utoke, maana hewa ikishaingia huna njia nyingine. Marianne alikuwa ameshaliandikia jarida kuiondoa makala, na alinionyesha barua. Jina la kwanza chini yake lilikuwa lake, si langu. "Mkubwa wa maabara ni mimi," akasema, na hakutaka shukrani. Aliwaandikia Lund pia. Profesa Hedlund alijibu kwa mstari mmoja: "Nimesoma. Tutaonana Novemba." Mstari ule niliusoma kila siku nikijaribu kukisia umeandikwa kwa uso gani, na kila siku nilikisia vibaya zaidi.

Mwisho wa Septemba Bwana Gisler akastaafu. Alileta keki ya kuaga ya kununua, kubwa, imenyooka, tukala. Jumatatu iliyofuata saa mbili asubuhi nikapigiwa simu kutoka getini. Kadi yake ilikuwa imezimwa na mlinzi hakumruhusu kupita. Nilishuka kumsainia kama mgeni. Baada ya miaka thelathini na mmoja wakamvalisha shingoni kile kikadi cha njano kilichoandikwa MGENI, na akakivaa kwa makini, akakinyoosha, akasema, "Haya, mwenyeji, nipeleke."

Alikuja kila siku kwa wiki tano. Hakulipwa na mtu. Alikaa nyuma yangu na chupa yake ya chai, na kila nilipotaka kuanza kupiga picha alikuwa anasema neno moja tu, "Pima." Nikasogeza sindano kulia, nikatazama picha, ikahamia kushoto, ndipo nianze. Mwanzoni nilipima kwa sababu yake. Baadaye nilikuwa naamka asubuhi mkono wenyewe unataka kupima.

Siku moja, akiwa anakaza boliti, nilijikaza nikamwambia.

"Bwana Gisler, mwezi wa tatu nilitakiwa nirudie zile za molekuli chache. Niliandika, halafu nikafuta. Wewe ulilijua hilo?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema mbele ya watu?"

Akazungusha spana mara mbili zaidi. "Mimi nilileta keki ya kosa langu. Hilo jingine ni lako. Ulisemee wewe mwenyewe, au usilisemee."

Tarehe ishirini na tatu Oktoba tukaziona zile chache. Zimepinda kushoto. Siku mbili baadaye tukaziona zikiwa nyingi, zimebanana, hakuna nafasi ya kuingiza hata moja zaidi. Kushoto. Molekuli za watu hazikuwa zimebadili msimamo wowote, zilikuwa zinashikana vile vile, ziwe kumi au ziwe zimeijaza shaba. Nilizitazama sana. Nilidhani nitasikitika, na badala yake nilipumua kwa mara ya kwanza tangu Septemba, maana kitu kile kilikuwa kweli, na kilikuwa kizuri hivyo hivyo kilivyo.

"Ndizo zenyewe," Bwana Gisler akasema, akamimina chai.

Niliiandika tasnifu upya kwa wiki tatu. Ilipungua kurasa sitini.

Siku ya mtihani wazazi wangu walishuka kutoka milimani na nguo za kanisani. Jost alikaa mstari wa mbele. Bwana Gisler alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, kikadi cha njano shingoni. Nilieleza kazi yangu kwa dakika arobaini, kisha Marianne akampa nafasi mtahini wa nje. Profesa Hedlund alikuwa mama mfupi mwenye sweta la kijivu na sauti ya chini kiasi kwamba watu iliwabidi wanyamaze ili wamsikie.

"Nina maswali mawili tu," akasema. "La kwanza. Unajuaje kwamba picha zako si za kwenye kioo?"

Nikamweleza namna ya kupima, sindano kulia, picha kushoto, kila asubuhi na kila kabla ya kazi. "Na nimejifunza kwa Bwana Alois Gisler," nikasema, "aliyeligundua kosa lake mwenyewe akaja kutuambia, siku kumi kabla makala haijachapwa."

"La pili. Mwezi wa tatu, baada ya matengenezo, kwa nini hukurudia picha za molekuli chache?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. Unga ulikuwa kidogo. Lilikuwa jibu zuri, limeandikwa kwenye daftari, hakuna mtu ambaye angelipinga. Nafasi ya Lund ilikuwa upande wa pili wa meza ile, imevaa sweta la kijivu. Nikatazama nyuma ya ukumbi. Bwana Gisler alikuwa anaangalia viatu vyake, hataki hata kunitia moyo.

"Kwa sababu nilikuwa nimeshapenda nilichokiona," nikasema. "Niliandika nirudie, halafu nikafuta. Kama ningerudia, kosa lingejulikana asubuhi ile ile. Bwana Gisler alilisema la kwake mbele ya watu wote. La kwangu ni kubwa kama lake, na hii ndiyo mara ya kwanza kulisema hadharani."

Profesa Hedlund akavua miwani. "Yuko hapa huyo Bwana Gisler?"

Mkono mmoja ukainuka nyuma, taratibu.

"Bwana Gisler," akasema, na hakuinua sauti, lakini ukumbi wote ulisikia. "Nilikuwa na mwanafunzi anaitwa Tuva. Alifanya kazi miaka minne na nusu juu ya picha za kwenye kioo. Kila maabara iliyojaribu kurudia kazi yake ilipata kinyume. Watu wakasema hajui kupima, na mimi mwalimu wake nikawaamini, akaacha. Aliyefunga zile nyaya alijua mwaka wa kwanza. Alikuja kuniambia kwenye sherehe yake ya kustaafu, glasi mkononi, anacheka. Tangu hapo nauliza swali hili kwenye kila mtihani." Akavaa miwani yake tena, akanigeukia. "Nafasi yako Lund sijampa mtu. Nilikuwa nasubiri nisikie utalijibu vipi la pili."

Nilitakiwa kumshukuru yeye. Badala yake niligeuka, nikawapa watahini wote mgongo, jambo ambalo halifanywi, nikamtazama mzee yule wa mlangoni. Nilikuwa nawaza juu ya Tuva. Nilikuwa nawaza kwamba nilimwambia mtu huyu anyamaze.

"Bwana Gisler," nikasema, "asante. Uliniokoa, mimi nikakutukana. Asante sana."

Machozi yakanitoka mbele ya wazazi, profesa na Sweden yote. Bwana Gisler alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kama anayetafuta pa kujificha, kisha akanipungia mkono nigeuke nitazame mbele.

"Endelea, Bi Camenisch," akasema. "Mtihani haujaisha."